Mkwe Asiyechelewa Kujibu

Mpima ardhi aliingia ofisini bila kubisha hodi, viatu vyake vya porini bado vina udongo mwekundu. Siku zote akirudi safari alikuwa na mchezo wake: anasimama mlangoni, anakohoa kidogo kama mkwe anayeogopa kukanyaga zulia la wenyewe, anangoja mpaka mchumba wake ageuke na kucheka. Leo hakukohoa. Mchumba wake alimwona kwanza kwenye kioo cha kompyuta, kivuli kirefu nyuma ya maandishi, na moyo wake usiojua hili wala lile ukaruka kwa furaha.

"Umerudi lini?" aliuliza akiinuka. "Mbona hukuniambia nikaja kukupokea?"

"Kaa, Fundi."

Akakaa. Jina la Fundi alipewa hapo hapo kazini, kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi, kwa sababu hakuna mtambo uliowahi kugoma mbele yake ukashinda. Kila mtu alimwita hivyo, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi, lakini mpima alikuwa na namna yake ya kulitamka, kama siri ya watu wawili. Leo alilitamka kama mtu anayesoma jina kwenye kibao cha mlango. Alivuta kiti cha wageni, akatoa simu mfukoni na kuiweka mezani katikati yao. Fundi aliijua simu ile. Ilikuwa ya mama yake mpima, mama mkwe wake mtarajiwa.

"Mama amelazwa," mpima alisema. "Kiharusi. Upande wa kulia wote hauna kazi."

"Mungu wangu. Tangu lini?"

"Juzi."

"Juzi, halafu mimi siambiwi? Dada yako ana namba yangu. Ningelala naye hospitali mimi. Kweli mnaniona mtu baki kiasi hicho?" Machozi yalikuwa yameshamlenga, na yalikuwa machozi ya kweli. Hilo lisemwe mapema, maana baadaye yatasemwa mengi juu yake.

"Uliambiwa," mpima akajibu. "Wewe uliambiwa kabla ya mtu yeyote. Hebu soma hapo. Soma kwa sauti."

Akafungua ujumbe, akamsogezea. Fundi akasoma, na sauti yake ilianza ikiwa nzima.

"'Asubuhi njema mwanangu. Umeamkaje? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Ila tangu alfajiri mkono wa kulia umekufa ganzi, kikombe kimeniponyoka, na maneno yananitoka vibaya. Mwenzio huko aliko hapatikani. Naomba uje uniangalie, kama hutakuwa na kazi nyingi.'"

"Endelea. Soma na jibu lako."

Fundi aliliona jibu, na hakuhitaji kulisoma ili alijue. Alilijua kama mshonaji anavyoijua nguo yake mwilini mwa mtu mwingine.

"Soma, Fundi."

"'Asubuhi njema mama. Nafurahi kusikia hujambo. Nakutakia siku yenye baraka.'"

"Na yeye akakwambiaje?"

"'Asante mwanangu. Nawe pia.'"

Chini yake palikuwa na ujumbe mwingine, wa mchana. Ulianza na habari za mchana, ukaomba samahani kwa usumbufu, ukasema mguu nao umeanza kuwa mzito. Jibu lake lilikuwa pale pale, halikukawia: "Nzuri tu mama. Wala usijali, hakuna usumbufu kabisa." Baada ya hapo mama hakuandika tena. Jirani aliyekuja kuazima jiko jioni ndiye aliyemkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango.

"Nimekaa kwenye gari njia nzima najiuliza," mpima akasema. "Nasema, huyu ninayemjua mimi hawezi. Labda alikuwa na hasira. Labda mama alimkosea. Natafuta sababu ya kukutetea, unaelewa? Niambie ulikuwa wapi ulipoandika maneno haya."

"Sikuyaandika mimi."

"Simu yako anayo nani?"

"Ninayo mwenyewe. Ila anayemjibu mama..." Fundi akanyoosha kidole kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa chini ya meza, inayowaka taa moja ya kijani. "Ni roboti. Niliiandika mimi."

Mpima aliitazama ile taa ya kijani. Kisha akamtazama mchumba wake kwa macho ambayo Fundi hakuwahi kuyaona.

Sasa, kabla ya kumlaani huyu binti, tuseme ilivyokuwa. Mama alimkataa tangu siku ya kwanza. Siku hiyo ya utambulisho, simu ya kazini iliita kabla chai haijapoa, Fundi akatoka nje kuipokea, na aliporudi alimkuta mama akimwambia binti yake mkubwa, bila hata kushusha sauti: "Huyu ameshaolewa na mitambo yake. Mimi nikimwita atanisikia saa ngapi?" Binti mkubwa akacheka, na tangu hapo kwa wifi yake huyo Fundi akawa Bi Mitambo. Mpima alimbembeleza njiani wakirudi. Mama ni mpweke, alisema, tangu baba afariki hana wa kuongea naye, na mimi kazi yangu ni ya porini. Akikuandikia mjibu tu. Ukimjibu, umempata.

Fundi akamjibu. Na mama, alipoona pana sikio, alifunguka kama bomba lililoziba miaka. Salamu za alfajiri, dua za kabla ya kazi, ndoto alizoota, paa linalovuja, maneno ya majirani, kisha salamu za mchana juu ya hayo yote. Fundi alimpenda mpima kiasi cha kutaka kupendwa na kila aliyempenda mpima, kwa hiyo alijibu akiwa kazini, akila, akiwa bafuni. Siku moja wateja walikosa huduma asubuhi nzima kwa sababu yeye alikuwa anafasiri ndoto ya nyoka wa kijani. Mkurugenzi alimpa maneno mbele ya watu, na maneno yale hayakuwa ya kurudia.

Saa ya chakula cha mchana Fundi hakula. Pale kazini alikuwa ameshaandika roboti ya kuwajibu wateja wanaouliza mizigo yao imefika wapi. Ilikuwa kazi safi, iliyoandikwa kwa amri za kawaida za skrini nyeusi, na amri zenyewe amezifunga mafungu mafungu. Kila fungu lilikuwa na jina lake. Ukiliita jina, fungu zima linaamka na kufanya kazi yake. Alinakili faili lile, akafuta habari za mizigo, akaanza kuandika mafungu mapya: salimia, shukuru, itikia dua, toa pole, kubali, aga. Katika kila fungu aliweka majibu kadhaa yanayopokezana, ili mama asione neno moja limerudiwa. Akaiamuru ingoje kidogo kabla ya kutuma, kama mtu anayeandika kwa kidole. Akaifundisha kuweka alama kwamba ujumbe umeshasomwa, ili simu yake mwenyewe isimsumbue. Aliifanya kwa mapenzi, na huo ndio ukweli mchungu kuliko yote: hakuna barua aliyowahi kumwandikia mpima iliyomgharimu fikra kama zile.

Wahenga wanasema barua ni nusu ya kuonana. Mama aliipata nusu yake kila siku, kwa wakati, kwa adabu, na ndani ya miezi miwili alikuwa akiwaambia majirani kwamba mkwe wake hajawahi kuchelewa kumjibu. Aliacha kumpinga. Akataka siku ya ndoa ipangwe. Jioni Fundi alikuwa akiyapitia mazungumzo ili ajue kimesemwa nini. Baadaye akawa anayapitia mwisho wa wiki. Baadaye hakuyapitia tena, maana mambo yalikuwa yanakwenda vizuri na kizuri hakichokonolewi.

"Mashine," mpima alisema hatimaye.

"Nilitaka anipende."

"Mashine, Fundi. Mama yangu. Afadhali ungeniambia ulimchukia. Chuki ningeielewa, ningejua pa kuishika. Hii nitaishika wapi?"

"Niliweka na ya dharura," Fundi akasema haraka, na akajisikia jinsi neno hilo lilivyotoka dogo. "Usidhani sikuwaza. Kuna fungu linaitwa dharura. Mama akiandika naumwa, nakufa, hospitali, ganzi, nimeanguka, simu yangu inapiga kelele hata kama nimeizima sauti. Nililijaribu. Linafanya kazi."

"Basi mbona halikupiga?"

Fundi aliigusa kibodi, kisha akaondoa mkono.

"Nionyeshe."

"Mpenzi, haitasaidia."

"Nimesema nionyeshe. Mimi kazi yangu ni kutafuta kigingi gani cha mpaka kimehamishwa. Nionyeshe."

Akafungua skrini nyeusi. Akakosea kuandika nywila mara ya kwanza. Mistari ikajipanga, na mpima akavuta kiti hadi mabega yao yakakaribia kugusana. Harufu yake ya jua na vumbi ilimfikia Fundi puani, harufu aliyokuwa ameingoja wiki nzima, na alitamani kulaza kichwa pale pale alie.

"Ujumbe ukiingia unapita juu kwenda chini," alieleza. "Unaanza hapa, kwa salimia. Fungu la kwanza linaloona neno lake ndilo linalojibu. Likishajibu, kazi imeisha, hauendelei chini."

"Na dharura iko wapi?"

Akashusha ukurasa. Akashusha tena. "Hapa."

"Chini kabisa."

"Juu huwekwa kinachotumika sana. Ndiyo kawaida ya kazi. Mambo ya dharura si ya kila siku, nikaona..."

"Kwa hiyo mama aliandika asubuhi njema."

"Ndiyo."

"Ikasoma asubuhi njema, ikajibu, ikaondoka zake."

"Ndiyo."

"Kama angekuwa mtu asiye na adabu," mpima akasema taratibu, "kama angekurupuka tu na kuandika njoo nakufa, ungekuja."

Fundi aliangalia skrini mpaka mistari ikamchanganyikia. "Ndiyo," alisema. "Ningekuja."

"Wewe umelelewa wapi? Kwenu mgonjwa anaanzaje kusema?"

Fundi alimkumbuka baba yake mwenyewe, alivyolala na homa blanketi limemfika kidevuni, watu wanaingia kumjulia hali, naye anawajibu mmoja mmoja kwamba hajambo, kisha anapumua, kisha ndipo anasema kinachomsibu. Hakuna mtu mzima aliyemfahamu ambaye angetaja maradhi yake kabla ya kukuuliza umeamkaje. Aliyajua hayo kama anavyoijua njia ya kwao, na bado alipokaa mbele ya kompyuta aliandika kana kwamba mama mkwe wake alikuwa kifurushi kilichopotea.

"Anaanza na sijambo," akajibu.

"Halafu?"

"Halafu anasema ila."

"Na wewe ukaandika kitu kisichofika kwenye ila." Mpima akajiegemeza nyuma. "Kuhamisha hilo fungu kutoka chini kwenda juu kunachukua muda gani?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza."

"Hakuchukui muda," Fundi akasema, na sasa machozi yalikuwa yanashuka wazi. "Ni kukata na kubandika. Umeridhika?"

Lakini hakuna ambaye ana moyo wa jiwe kiasi cha kupigwa bila kurusha mkono, na Fundi naye alikuwa na lake la siku nyingi. Alijifuta uso kwa kiganja, akamgeukia.

"Na wewe? Wewe ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikokuwa. Hakuna mtandao."

"Kila jioni unapanda kilima unanipigia mimi. Kila jioni, unaniuliza nimevaa nini, nimekula nini. Mara ngapi ulipanda kilima ukampigia mama yako? Ulinikabidhi mama yako kama mtu anayekabidhi ufunguo wa nyumba. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Ulikuwa unaniuliza mama anasemaje, mimi nakwambia mzima anakusalimu, wewe unaridhika unalala. Roboti yako ilikuwa mimi."

Lilimpata. Fundi aliona lilivyoingia, na kwa nukta moja alifikiri watalia pamoja, na wakishalia pamoja watasameheana, maana ndivyo walivyozoea kumaliza ugomvi. Mpima aliinamisha kichwa akaukwangua udongo kwenye suruali yake kwa ukucha.

"Ni kweli," alisema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nimekuwa fimbo ya mbali miaka mingi. Hilo nitalijibu kwake mwenyewe. Lakini mimi sikuwahi kumwambia niko karibu. Wewe kila asubuhi ulimwambia upo."

"Nisamehe."

"Nikikusamehe nitakuwa nasamehe kwa niaba ya mkono wake. Siwezi." Akasimama, akachukua simu. "Mimi na wewe tumefika mwisho, Fundi. Nitawaambia wazee ni mimi nimebadili nia. Sitaki utukanwe."

Hakudai pete. Hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu mtu anayedai kitu bado ana neno na wewe. Alikwenda hadi mlangoni, akashika kitasa, akasimama akiwa amempa mgongo.

"Kuna jambo moja," alisema. "Mama hajui. Dada hajui. Simu hii nimeisoma mimi peke yangu. Mama anadhani siku ile ni yeye aliyeandika vibaya, ndiyo maana hukumwelewa. Anakutaja wewe tangu alipofumbua macho. Asubuhi ameniomba simu akuandikie kwa mkono wa kushoto, na ulipomjibu alitabasamu kwa upande mmoja uliobaki. Daktari kasema asishtuliwe." Akafungua mlango. "Usiizime mashine."

Fundi alidhani hakusikia sawasawa. "Unaniacha mimi, unabaki na mashine?"

"Mashine haijawahi kuniambia inanipenda," mpima akajibu, akatoka.

Kesho yake Fundi aliomba ruhusa kazini akaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Hakuitwa, na hakumwambia mtu. Usiku alikuwa amehamisha fungu la dharura kutoka chini kwenda juu, akalijaribu, akaona linafanya kazi vizuri, akazima taa, na hakupata usingizi. Alijua akikaa kimya atakuwa mkwe wa mama huyu kwa maneno milele, hata baada ya mwanawe kuoa mwingine. Alijua pia akisema atapoteza hata hicho. Njia nzima alijiambia anakwenda kumwona tu.

Mlangoni mwa wodi alikuwa wifi yake, yule yule wa Bi Mitambo, ameshika chupa ya chai na kanga ya kubadilisha. Alipomwona Fundi aliweka chupa chini akamkumbatia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu wajuane.

"Karibu wifi. Mama tangu jana ni wewe tu, wewe tu. Kaka kaenda duka la dawa." Akamshika mikono yote miwili. "Nilikuwa nakusema vibaya mimi. Nilikuwa namwambia mama, huyo hatakufaa. Akaniambia, wewe niliyekuzaa unanijibu baada ya siku mbili, mkwe wangu ananijibu papo hapo. Nikaona aibu. Nisamehe, wifi yangu."

"Usiseme hivyo," Fundi alisema, na kwa kweli alimaanisha.

Kitanda cha mama kilikuwa karibu na dirisha. Uso ulikuwa umevutika upande, na mkono wa kulia ulikuwa umelazwa na muuguzi juu ya shuka, vidole vimekunjwa kidogo. Jicho la kushoto lilimwona likang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Maneno yalikuja yakijikokota, lakini yalifika. "Umeamkaje? Na kazi?"

"Salama mama. Pole sana."

"Nimeshapoa. Mimi sijambo." Akapumua. "Kaa hapa, upande wenye mkono."

Fundi akakaa, akaushika mkono wa kushoto. Ulikuwa na joto na ulimbana kwa nguvu iliyomshangaza. Walikaa hivyo, nje kuna mtu anaburuta toroli la vyakula kwenye korido. Mama alimtazama kama mtu anayelinganisha sura na sauti aliyoizoea.

"Nilikuwa nakungoja nikuulize ana kwa ana," mama akasema. "Lile ombi langu. Nilipokuandikia ulisema sawa mama, usiwe na wasiwasi. Lakini maandishi ni maandishi. Nataka nikusikie kwa mdomo."

Fundi aliyajua maneno hayo. Sawa mama, usiwe na wasiwasi. Lilikuwa jibu la pili la fungu la kubali. Lingeweza kuwa limekubali kitu chochote. Kuishi naye baada ya ndoa, kumzika karibu na mumewe, kumlea mtu, kumsamehe mtu. Ilikuwa rahisi mno kutikisa kichwa. Neno moja tu la ndiyo, na mama angelala.

"Ombi lipi, mama?"

Jicho la kushoto likapepesa. "Lile. Umesahau?"

"Sikusahau, mama. Sikulisoma."

Akamwambia. Alimwambia bila kujipamba, na kwa maneno madogo, maana mama hakuwa mtu wa mitambo: kwamba aliandika kitu ndani ya kompyuta kinachojibu kwa niaba yake, kwamba mwanzoni alikuwa anasoma na baadaye akaacha, kwamba asubuhi ile ya kikombe hakuna mtu aliyeuona ujumbe wake. Mkono wa kushoto haukuuachia wake mara moja. Ulilegea polepole, mpaka ukawa umelala tu kiganjani mwake, na Fundi hakujua kama auachie au aendelee kuushika.

"Nilikuandikia habari za marehemu mume wangu," mama alisema. "Yaliyotokea kati yetu. Sijamwambia hata binti yangu."

"Sikuyasoma, mama."

"Uliniambia pole. Uliniambia nimekuelewa mama."

"Haikuwa mimi."

Mama aligeuza uso kwenye dirisha. Fundi alingoja atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa kengele ya kuwaita wauguzi, na lolote kati ya hayo angelipokea kwa mikono miwili. Mama alipogeuka tena macho yake yalikuwa makavu, na alionyesha kwa kidevu simu iliyokuwa kando ya mto.

"Nifutie," alisema. "Mkono huu hauwezi."

"Nifute nini, mama?"

"Yote niliyokuandikia. Na usisome."

Fundi aliichukua simu. Mazungumzo yalifunguka yakiwa marefu, ukurasa juu ya ukurasa, maneno ya mama mapana na majibu mafupi yanayofuatana nayo kwa adabu. Mahali fulani humo mlikuwa na ombi. Angeweza kuliona kwa kupandisha kidole kidogo tu, na mama alikuwa amelaza kichwa, asingejua. Aliinua macho akayaweka ukutani, kwenye rangi iliyobanduka juu ya kitanda, akabonyeza pale anapopajua. Simu ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena.

"Yamekwisha?"

"Yamekwisha, mama." Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli na kweli ni kama kupiga chafya, akaongeza: "Kwenye kompyuta ya kazini kuna nakala. Nikirudi nitazifuta."

"Utazisoma kwanza?"

"Sitazisoma."

"Nitajuaje?"

Fundi alifungua mdomo. Alitafuta neno lolote alilowahi kumwambia mama huyu kwa kinywa chake, neno moja ambalo lingeweza kusimama kama dhamana, na hakulipata. Wifi alikuwa ameingia na chupa ya chai, anatabasamu, anauliza mkwe na mkwe wanasengenya nani.

Fundi akairudisha simu kando ya mto, akaivuta shuka ikamfunika mama vizuri mkono wa kulia, na akasimama.

"Asante, dada," mama akasema, kama alivyokuwa akiwaambia wauguzi, akafumba macho.